Mashini ya umeme katika tiba ya viungo: inayoweza, isiyoweza, na ambaye haipaswi kumgusa

Katika mitaa yetu mingi siku hizi kuna mzee au mama aliyepata mashini ndogo ya umeme ya kutuliza maumivu. Mtoto wake aliye Kampala au Ulaya ameituma, au imenunuliwa sokoni kwenye meza moja na chaja za simu. Ina nyaya mbili au nne, vibandiko vya kunata, na karatasi ya maelezo ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuisoma. Jirani mwenye mgongo unaouma anaiazima. Kisha shangazi aliyepooza upande mmoja. Kisha mama mwenye mimba ya miezi saba. Mashini inazunguka mtaa mzima, na sisi tunaofanya kazi ya tiba ya viungo, ile ambayo wengi huku wanaiita kine, tunaletewa baadaye wale ambao haikuwafaa, na mara nyingine wale ambao iliwaunguza.

Tunaandika kwa ajili ya hao wote, na pia kwa ajili ya wauguzi wa vituo vyetu vya afya, maana baadhi ya vituo vimepokea mashini kama hizo kutoka kwa marafiki wa kanisa bila mtu wa kuwafundisha. Hatusemi mashini ni mbaya, kwa kuwa sisi wenyewe tunaitumia karibu kila siku. Tunachoomba ni kwamba anayeigusa ajue anagusa nini.

Umeme unafanya nini mwilini?

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Kalemie, wanamjua yule samaki wa jamii ya kambale ambaye ukimshika na mikono mibichi unarushwa. Wakubwa wa jamii hiyo wanaweza kutoa zaidi ya volti 300. Ni ajabu kwamba tiba hii ilianza na samaki: katika karne ya kwanza, daktari Mroma aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba mgonjwa wa maumivu ya miguu asimamishwe juu ya samaki wa baharini mwenye umeme mpaka mguu ufe ganzi. Hakujua kwa nini inasaidia. Leo tunajua sehemu kubwa ya sababu.

Mishipa yetu ya fahamu inafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Tukiweka umeme kutoka nje, mshipa hauwezi kutofautisha: unapeleka habari kana kwamba imetoka mwilini. Mashini za maumivu, zinazojulikana kwa jina la TENS, zinatumia jambo hilo. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango. Habari za kuguswa zikiwa nyingi, habari za maumivu zinapita kwa shida. Ndiyo sababu mtoto akijigonga, mama anapasugua na mtoto ananyamaza. TENS inafanya kazi ya mkono wa mama: inatuma mapigo mafupi, kwa kawaida kati ya 80 na 120 kwa sekunde, na mgonjwa anasikia kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Kila pigo linadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huo ufupi ndio unaotulinda. Umeme wa ukutani, wenye volti 220, haukupi nafasi ya namna hiyo.

Kazi ya pili ni ya misuli. Mapigo yakiwa marefu kidogo na yenye nguvu zaidi, msuli unajikunja wenyewe. Hii inatusaidia sana kwa mtu aliyevunjika paja kwa ajali ya moto, akakaa wiki nyingi kitandani, na sasa msuli wa mbele ya paja umekonda na hausikii amri. Tunaweka mapigo karibu 35 hadi 50 kwa sekunde, msuli unajikaza kwa sekunde 10 hivi, kisha unapumzika muda mrefu kuliko ule wa kazi. Na wakati unajikaza, mgonjwa naye anaukaza kwa nia yake. Bila jambo hili la mwisho tunapoteza muda. Kwa aliyepata kiharusi, umeme unaweza kusaidia bega linaloning'inia, au mguu ambao kidole kinaburuza chini. Daktari Wladimir Liberson alionyesha mwaka 1961 kwamba ukitoa pigo la umeme kwenye mshipa ulio pembeni ya goti kila mara mgonjwa anapoinua kisigino, wayo unainuka na mtu anatembea vizuri zaidi.

Yale ambayo haiwezi

Hapa tunapenda kusema wazi, kwa sababu familia zinauza mbuzi ili kulipia vipindi vya umeme ambavyo havitarudisha kitu.

Mshipa wa fahamu ukiwa umekatika kwa risasi au panga, mapigo mafupi ya mashini ndogo hayafanyi lolote kwa msuli, kwa sababu yanapita kwa mshipa, na mshipa haupo. Kuna mashini nyingine zenye mapigo marefu mara mia, lakini hizo zinaunguza kwa urahisi na faida yake bado inabishaniwa. Ni vivyo hivyo kwa mtoto aliyechomwa sindano ya matako vibaya, na mguu ukalegea siku ileile. Tunawaona watoto hao mara kwa mara. Wanachohitaji ni mtu wa kuchunguza mshipa umeumia kiasi gani, kifaa cha kushikilia wayo usipinde, na mama anayenyoosha kisigino kila asubuhi na jioni. Mishipa mingi iliyobanwa au kuchubuliwa, bila kukatika, inarudi polepole yenyewe, na mashini ikiwepo siku hiyo, mashini ndiyo inayosifiwa!

Vivyo hivyo uso uliopinda ghafla upande mmoja. Watu wanasema amerogwa, au amelala kwenye upepo. Ikiwa ni ule ugonjwa wa mshipa wa uso peke yake, na mkono na mguu viko sawa, wagonjwa saba hivi kati ya kumi wanapona kabisa hata bila tiba, na dawa ya prednisolone ikianza ndani ya siku 3 za kwanza inaongeza nafasi hiyo. Jicho lisilofunga ndilo linalohitaji ulinzi wa haraka, usiku na mchana. Umeme usoni hatuuweki. Lakini uso ukipinda pamoja na mkono kulegea au maneno kuvurugika, hicho ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na mgongo? Mgongo ndio unaoleta watu wengi kwa mashini. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya chini ya mgongo unasema TENS isitolewe kwa tatizo hilo, kwa kuwa ushahidi wa faida ni mdogo. Sisi tunaona baadhi ya wagonjwa wanapata saa moja au mbili za nafuu, na katika saa hizo wanaweza kufanya mazoezi ambayo maumivu yalikuwa yanawazuia. Kwa njia hiyo tunaikubali. Mtu anayelala chini ya mashini dakika 30, kisha anarudi kubeba kilo 50 za makala kama jana, hajatibiwa.

Jambo linalotuogopesha kuhusu mgongo ni lingine. Katika mikoa yetu kifua kikuu bado ni kingi, na kinaweza kukaa ndani ya mifupa ya mgongo. Mtu anaumwa mgongo miezi mitatu, anapungua, anatoka jasho usiku, homa ya jioni haimwachi, labda kuna kinundu kimeanza katikati ya mgongo. Huyo akipewa mashini, maumivu yanapungua kidogo, familia inafurahi, na ugonjwa unaendelea kula mfupa mpaka miguu inapooza. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: maumivu ambayo sababu yake haijatafutwa hayafunikwi kwa umeme.

Ambaye hatumwekei

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiguswe na mashini hizi. Huku kwetu ni wachache, lakini wapo wanaorudi kutoka India au Nairobi nacho, nao hawasemi wasipoulizwa. Kwa hiyo tunauliza kila mtu, hata kijana.

Kwa watu wote, hata wenye afya, mbele na pembeni ya shingo ni mahali pa kukwepa. Hapo kuna sehemu ya mshipa mkubwa wa damu inayopima presha. Ukiishtua, presha inaweza kushuka na mtu akaanguka, na misuli ya koo inaweza kukaza pumzi ikakosa njia. Hatuweki kibandiko kimoja mbele ya kifua na kingine mgongoni, wala vibandiko viwili kupitia kichwa, wala karibu na macho. Anayeugua kifafa haguswi kichwani wala shingoni.

Mama mwenye mimba haekewi tumboni, wala kiunoni, wala nyonga. Ni kweli kwamba Ulaya wakunga wanaitumia mgongoni wakati wa uchungu wa kuzaa, lakini wanaitumia chini ya macho yao, na si jambo la kujaribiwa nyumbani kwa sababu binamu amesema ilimsaidia.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto, na pajani au kwenye ndama panauma ukipabonyeza, hasa kwa mtu aliyelala muda mrefu au aliyejifungua karibuni, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kukaza msuli hapo kwa umeme kunaweza kuing'oa ile damu iende mapafuni. Watu wamekufa kwa donge la namna hiyo. Mguu huo unapelekwa kwa daktari bila kusuguliwa na bila mashini.

Hatuweki pia juu ya uvimbe wa saratani au unaoshukiwa kuwa saratani, juu ya mfupa wenye usaha, juu ya kidonda wala upele, wala juu ya mahali panapotoka damu. Mfupa uliovunjika ambao haujashikana hatuukazii misuli, maana msuli utauvuta. Chuma kilichowekwa ndani na daktari wa mifupa, kwa mapigo mafupi ya kupishana, si kizuizi chenyewe, lakini tuambiwe kabla. Na asiyeweza kusema anavyosikia, kwa mfano mtoto mdogo au mzee aliyechanganyikiwa, hana namna ya kutuonya. Huyo tunamtafutia njia nyingine.

Tumemwacha wa mwisho kwa makusudi yule ambaye tunamwona akiungua kuliko wote: mtu ambaye ngozi yake haisikii. Mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, aliyewahi kuugua ukoma, aliyepata kiharusi upande usiosikia, aliyekatwa mshipa. Anaambiwa, "Ongeza mpaka usikie." Anaongeza. Hasikii. Anaongeza tena. Akitoa kibandiko, ngozi chini yake imeiva, na kwa mwenye sukari kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kipimo chake hakihitaji mashini. Chukua kijiti kilichochongwa upande mmoja. Mgonjwa afumbe macho, umguse mara ncha, mara upande butu, mahali hasa utakapoweka kibandiko, naye aseme ni kipi. Akikosea mara kadhaa, hapo hapawekwi. Ni dakika mbili tu.

Kuhusu kuungua bila moto

Wengi wanashangaa: mashini haikuwa na joto, ngozi imeunguaje? Kuna namna mbili. Ya kwanza ni umeme mwingi kupita mahali padogo. Kibandiko kikikauka au kona yake ikibanduka, umeme wote unaotakiwa kugawanyika kwenye ngozi pana unajazana kwenye sehemu ndogo iliyobaki. Ni kama maji ya bomba ukiziba mdomo wake kwa kidole. Ya pili ni ya umeme unaokwenda upande mmoja bila kurudi, kama ule wa betri. Huo unatenganisha chumvi za mwili: chini ya kibandiko kimoja kunatengenezwa asidi, na chini ya kile cha upande hasi kunatengenezwa kitu kikali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Ngozi inaliwa, na mgonjwa anaweza asisikie zaidi ya muwasho. Ndiyo maana tunawasihi wale vijana mafundi wanaounganisha nyaya na betri ya gari au ya moto ili "kumwamsha" mtu aliyepooza waache leo. Mashini nzuri inatoa mapigo ya kupishana, ya huku na ya huku, ili chumvi zirudi mahali pake. Betri ya gari haijui kufanya hivyo.

Jinsi tunavyoweka

Ngozi inaoshwa kwa sabuni na maji, inakaushwa. Mafuta ya mawese, ya kujipaka, ya mentoli, yote yanatoka kwanza, kwani mafuta yanazuia umeme mahali pengine na kuuacha upite mahali pamoja. Nywele nyingi zinapunguzwa kwa makasi. Wembe unachubua, na mchubuko unavuta umeme. Vibandiko vya kunata ni vya mgonjwa mmoja, havizungukizwi mtaani. Vikikosekana, tunatumia vile vya mpira mweusi juu ya sponji au kitambaa cha pamba kilicholowa maji vizuri, kikazungushiwa bendeji ili kigandamane sawasawa. Sponji inafuliwa baada ya kila mtu. Vazelini haifai hapo.

Vibandiko viwili visigusane, na kati yao iwepo nafasi walau ya upana wa kibandiko kimoja. Kabla ya kuwasha, kitufe cha nguvu kiko sifuri. Tunapandisha polepole tukimwangalia mgonjwa usoni, na tunaacha pale anaposema ni kali lakini haimuumi. Wengi wanafikiri maumivu ndiyo dawa; si hivyo. Baada ya dakika tano tunauliza tena na kuchungulia ngozi. Wekundu kidogo unaoisha ndani ya saa moja ni wa kawaida. Kumaliza ni kurudisha sifuri, kuzima, ndipo kubandua. Anayebandua mashini ikiwa inafanya kazi atarushwa, na mara ya pili mgonjwa hatakubali. Usilale nayo, usioge nayo, usipande moto ukiwa umeivaa.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi ya maelezo haiandiki. Katika nchi iliyopita vita vingi, kuna watu ambao neno umeme linawakumbusha mateso. Mtu anakaa kimya kitandani, anakubali kwa sababu aliyevaa blauzi nyeupe amesema, na moyo unamwenda mbio. Sisi tunaweka kwanza kwenye mkono wetu wenyewe, mbele yake. Kisha tunamwonyesha kitufe cha kuzima na kumwachia akishike yeye. Akisema hapana, ni hapana, na mazoezi yapo. Hili lina uzito zaidi kwa akina mama waliofanyiwa upasuaji wa fistula na bado mkojo unawatoka. Upo umeme wa kusaidia misuli ya chini ya nyonga, lakini mazoezi ya misuli hiyo ndiyo ya kwanza, na umeme ni kazi ya aliyefundishwa hasa, katika chumba kinachofungwa, na mama mwenyewe akiwa amekubali bila kusukumwa.

Kwa vituo vyenye mashini kubwa ya ukutani

Mashini ya betri ndogo ni salama zaidi kwetu, kwani haina uhusiano na nyaya za nyumba, mradi isitumike wakati inachajiwa. Ile inayochomekwa ukutani inahitaji waya wa ardhi wa kweli. Tumeona plagi ambazo mguu wa tatu umekatwa ili ziingie kwenye prizi ya zamani; mashini hiyo isimguse mgonjwa mpaka fundi airekebishe. Umeme wa kwetu unakatika na kurudi, na jenereta zinayumba. Mashini za zamani zenye kitufe cha kuzungusha zinaweza kurudi na nguvu ileile ziliyokuwa nayo, au na mshtuko juu yake. Kwa hiyo taa ikizimika, mkono wa kwanza uende kwenye kitufe, kirudi sifuri, kisha plagi itoke. Radi ikianza kunguruma, tunachomoa na kuendelea na mazoezi ya mikono.

Parokia inayofikiria kuchangia mashini kwa ajili ya kituo chake iulize kwanza kama kuna mtu wa kine atakayefika hata mara moja kwa wiki. Kama hayupo, fedha hizo zinaweza kununua fimbo, magongo, baa mbili za kujifunzia kutembea ambazo seremala wa mtaa anazitengeneza, na nauli ya kumpeleka muuguzi mmoja akajifunze kwa mwezi katika hospitali yenye huduma hiyo. Kwa mgonjwa wa kiharusi, tungechagua baa mbili kabla ya mashini yoyote.

Ikitokea mtu ameungua, zima, bandua, na mwaga maji safi ya baridi ya kawaida juu ya mahali hapo kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala majivu, wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa akiwa na sukari au mahali hapo hapasikii. Mshtuko ukiwa umetoka kwenye umeme wa ukutani, apelekwe hata kama ngozi inaonekana nzima, kwa sababu ya moyo. Na mashini ibebwe pamoja naye, na nyaya zake na vibandiko vyake, ili anayemtibu aone ni ya namna gani na ilikuwa imewekwa kwenye nguvu ipi.